Somo: Mkate wa soda na kwilti ya mnyororo kwa Siku ya Mtakatifu Patrick

Tarehe 17 Machi, siku ya Patrick, mtakatifu msimamizi wa Ireland, ni sikukuu rasmi huko tangu 1903. Anayeijua kwa picha za bia ya kijani na kofia ndefu huenda akashangaa kusikia kwamba kuanzia miaka ya 1920 hadi karibu 1960, baa za huko zilifungwa siku hiyo kwa sheria. Watu walikwenda misa, wakabandika kifuani jani la shamroki, mmea mdogo wa majani matatu, kisha wakarudi nyumbani kula. Somo hili linafuata sikukuu ya namna hiyo: sufuria jikoni, cherehani sebuleni, na watoto wakipita katikati.

Kwa nini mkate na kwilti, yaani kitambaa cha viraka chenye pamba katikati, pamoja? Kwa sababu ya mfuko wa unga. Zamani unga wa ngano Ireland uliuzwa katika mifuko ya pamba. Unga ukiisha, mfuko ulifumuliwa, ukafuliwa na kuanikwa juani mpaka maandishi yafifie, ukawa shuka au bitana ya kwilti. Upande wa Derry, kwenye viwanda vya mashati, vipande vilivyobaki mezani navyo viliishia kwenye blanketi za viraka. Hakuna aliyenunua kitambaa kipya ili akikate vipande vidogo. Kwa hiyo ukiwa na mabaki ya kijani kabatini, anza nayo kabla ya kwenda dukani.

MAHITAJI YA KWILTI

Tutashona kitambaa cha meza cha inchi 30 kwa 30, kwa mtindo uitwao Mnyororo wa Kiayalandi. Jina ni la Ireland, lakini waliousambaza sana ni washonaji wa Marekani, tangu karne ya 19. Unahitaji:

– kitambaa cha kijani robo tatu ya yadi
– kitambaa cheupe robo tatu ya yadi. Marikani inafaa ukiifua kwanza
– kitambaa cha nyuma yadi moja
– pamba ya kuweka katikati, inchi 34 kwa 34
– rula, chaki ya fundi, mkasi mkali au kisu cha gurudumu, pini, pasi

Hesabu hii ni ya kitambaa chenye upana wa inchi 42 hadi 45.

HATUA YA 1: Kata usiku wa kuamkia sikukuu

Usikate asubuhi ya sikukuu, hutamaliza. Kutoka kwenye kijani kata mistari 5 yenye upana wa inchi 2½, inayokwenda upana mzima wa kitambaa, kisha mingine 4 ya upana huohuo kwa ajili ya kuzungushia ukingo. Kutoka kwenye cheupe kata mistari 4 ya inchi 2½ na mistari 2 ya inchi 6½. Hiyo ya inchi 6½ ikate iwe miraba 12. Ndiyo miraba mitupu, iweke kando.

HATUA YA 2: Weka nyama jikoni kwanza

Ireland kwenyewe mlo wa jadi ni nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi pamoja na kabichi. Nyama ya ng'ombe ya chumvi ni desturi ya Waayalandi waliohamia Marekani, ambako ng'ombe ilikuwa rahisi kupatikana. Kichekesho ni kwamba mji wa Cork kwa muda mrefu uliuza ng'ombe wa chumvi nchi za nje huku maskini wa Ireland wakiishia kwenye viazi. Mimi napika ya ng'ombe, maana inafaa meza ya kila mgeni.

Chukua kidari kilo moja na nusu. Kikiwa cha chumvi, kiloweke kwanza, umwage maji. Kikiwa cha kawaida, tia chumvi ya kutosha, vitunguu viwili, pilipili manga nzima na karafuu chache. Funika kwa maji baridi, kikichemka punguza moto uwe mdogo kabisa, ukiache saa tatu. Hapo una nafasi ya kushona. Nusu saa ya mwisho ongeza viazi, na dakika 15 za mwisho tia kabichi iliyokatwa vipande vikubwa.

HATUA YA 3: Shona mistari kabla ya kukata viraka

Uzuri wa mtindo huu ni kwamba hushiki kiraka kimoja kimoja. Shona mistari mitatu kwa urefu: kijani, cheupe, kijani. Fanya seti mbili za hivyo, tuziite A. Kisha shona seti moja ya cheupe, kijani, cheupe; hiyo ni B. Nafasi ya mshono ni robo inchi. Sisemi kama robo inchi, nasema robo inchi. Ukizidisha moja ya kumi na sita tu kila mshono, mraba wako utapungua robo inchi nzima, na hautakutana na mraba mtupu.

Piga pasi mishono yote ielekee upande wa kijani, A na B. Hii ndiyo siri ya viraka kukutana pembe kwa pembe: mishono ya A italala nje, ya B italala ndani, na ukiziweka pamoja zitafungana zenyewe chini ya kidole.

Sasa kata seti hizo kwa kukingama, kila kipande inchi 2½. Unahitaji vipande 26 vya A na 13 vya B. Shona A, B, A. Umepata mraba wa viraka tisa, vitano kijani na vinne vyeupe. Tengeneza 13. Kila mmoja upime inchi 6½. Ukipungua, fumua sasa.

HATUA YA 4: Panga na unganisha

Tandika sakafuni safu 5 za miraba mitano. Anza na mraba wa viraka tisa, fuata mtupu, endelea kwa zamu hadi kila pembe ya kitambaa iwe na mraba wa viraka. Simama juu ya kiti utazame: kijani kinakatiza kwa mshazari kama mnyororo. Unganisha safu moja moja, pasi ielekee kwenye mraba mtupu, halafu unganisha safu zote.

Waambie watoto wahesabu miraba. Wakikosea wanahesabu tena, na wewe unapata dakika za kugeuza viazi.

HATUA YA 5: Mkate, mwishoni kabisa

Hapa ndipo mpango wa siku nzima unapoegemea. Kwilti inaweza kungoja wiki, mkate wa soda haungoji hata simu ipigwe. Soda ikikutana na asidi ya mtindi hutoa gesi papo hapo, na gesi hiyo ndiyo inayoumua mkate. Ukikawia, imeshatoroka. Basi washa oveni nyuzi 230 za Selsiasi kabla hujagusa unga, na uondoe vitambaa vyote mezani.

Unga wa ngano gramu 450, bikabonati ya soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, maziwa mgando mililita 350 hadi 400. Chekecha soda pamoja na unga. Fanya shimo katikati, mimina karibu maziwa yote, zungusha mkono mmoja ukiwa umetanua vidole, mpaka unga ushikane. Usikande. Huu si mkate wa hamira wala chapati. Ukiukanda utakuwa mgumu. Ufinyange duara lenye kimo cha inchi moja na nusu, ukate msalaba mkubwa juu kwa kisu. Wapo wanaosema ni baraka, wapo wanaosema ni kuachia mizimu itoke. Kwa mpishi, msalaba husaidia moto ufike katikati. Oka dakika 15, punguza hadi nyuzi 200, uoke tena kama dakika 30. Ugonge chini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ule ukiwa na joto, na siagi ya kutosha.

HATUA YA 6: Kumalizia, siku yoyote baadaye

Tandaza kitambaa cha nyuma, pamba, kisha uso wa kwilti. Piga bandi kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda nje. Shona mistari ya mshazari kupitia miraba mitupu, ukifuata mnyororo, kwa mkono au cherehani. Punguza kingo, unganisha ile mistari minne ya kijani, ikunje nusu kwa urefu, ishone mbele, igeuze nyuma na uimalizie kwa mkono.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Mimi sina oveni, nina jiko la mkaa. Niache tu?

Jibu: Marahaba mwanangu, usiache. Mkate huu haukuzaliwa kwenye oveni. Vijijini Ireland uliokwa katika sufuria nzito ya chuma juu ya moto wa mboji iliyokaushwa iwe kuni, makaa yakawekwa na juu ya kifuniko. Ni kupalia kulekule tunakofanyia wali. Tumia sufuria nene, ipashe moto kwanza, paka unga chini, makaa machache chini na mengi juu. Angalia baada ya nusu saa.

Swali (Nakuru): Dada, mala (maziwa mgando) ya dukani inafaa? Na nikikosa?

Jibu: Inafaa, ila iwe isiyo na sukari. Ukikosa, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki au maji ya ndimu kwenye kila kikombe cha maziwa, ngoja dakika kumi. Usibadilishe soda kwa hamira, na usitumie magadi ya mawe ya kupikia maharage.

Swali (London): Mkate wangu ulitoka na madoa ya kahawia na ladha ya sabuni.

Jibu: Soda ilibaki na mabonge, au kijiko kilijaa kilele. Chekecha, usawazishe kijiko kwa kisu.

Swali (Mombasa): Assalamu alaykum. Jirani yangu ni Muayalandi na amenialika. Miaka ya karibuni siku hii imeangukia Ramadhani. Nimpelekee nini?

Jibu: Wa alaykumu salaam dada. Kweli, 2024 na 2025 iliangukia ndani ya mwezi mtukufu. Kwa Wakatoliki nako huwa ni Kwaresima kila mwaka, kwa hiyo atakuelewa vizuri. Mpelekee mkate jua likikaribia kuchwa, naye akuwekee wako wa futari. Unakwenda vizuri na supu.

Swali (Dar es Salaam): Naweza kutumia kanga na vitenge?

Jibu: Kitenge ndiyo, tena kinapendeza. Kifue peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, la sivyo kijani kitahamia kwenye cheupe. Chagua chenye maua madogo, maana kwenye kiraka cha inchi mbili ua kubwa linabaki doa tu. Kanga ni nyepesi, inavutika kwenye mshazari. Na kanga yenye jina zuri mimi sikati, mtanisamehe.

Swali (Eldoret): Mume wangu alisoma shule ya St. Patrick's, Iten. Ni Patrick huyuhuyu?

Jibu: Ndiye. Shule hiyo iliendeshwa na mabruda wa Ireland, na Bruda Colm O'Connell, aliyefika hapo 1976, ndiye aliyemfunza mkimbiaji David Rudisha. Patrick mwenyewe hakuzaliwa Ireland. Alitekwa Uingereza akiwa na miaka kama 16, akapelekwa Ireland, akafanywa mtumwa wa kuchunga mifugo miaka sita kabla ya kutoroka. Alirudi Ireland baadaye kwa hiari, kuhubiri. Mumeo anaweza kudai kipande cha kwanza cha mkate.

Swali (Minneapolis): Mtoto anataka nimshonee jani la shamroki katikati ya miraba mitupu. Majani matatu au manne?

Jibu: Matatu. Manne ni ya bahati, hilo ni jambo jingine. Likate kwenye kijani cheusi kidogo, lipachike kwa mkono kabla ya kuunganisha miraba, si baada.

Swali (Kigoma): Mkate ukibaki?

Jibu: Ufunge kwa kitambaa safi. Kesho yake utakuwa umekauka, ukate vipande na uuchome kwenye kikaango kikavu, chai pembeni. Siku ya tatu wape kuku.