Herufi nzito za mlazo: namna ya kuzitumia kwenye kadi, vyeti na mabango

Ukipita Nasser Road hapa Kampala utaziona kila duka la uchapaji: herufi za serifu, zile zenye vijikia mwishoni mwa mistari, zikiwa nzito na zimelala. Ziko kwenye kadi za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa), kalenda, hata mabango ya mikutano ya injili. Ninazipenda mno, na inaniuma zikipachikwa ovyo.

1. Chagua maneno machache. Unene huita jicho kutoka mbali. Mlazo huleta mwendo, kama mtu anayesema kwa msisitizo. Vikikutana, vinatosha kubeba majina ya maharusi au kichwa cha tangazo. Aya nzima huchosha macho. Ni kweli mchapaji Aldus Manutius wa Venice alichapa vitabu vizima kwa mlazo kuanzia 1501, ila mlazo wake ulikuwa mwembamba. Herufi nene zilishamiri karne ya 19, matangazo yalipoanza kugombania macho ya wapita njia. Na usiandike yote kwa herufi kubwa. Mwendo wote unapotea.

2. Hakikisha mlazo ni wa kweli. Andika *a* na *f* kwa ukubwa wa pointi 72. Katika Times New Roman au Georgia, *a* ya mlazo hubadilika umbo, inakuwa ya duara moja, na mkia wa *f* unashuka chini ya mstari. Ukiona *a* ileile ya wima imeinamishwa tu, kompyuta imekughushia: faili la nzito-mlazo halipo. Fonti kamili ya kazi hii huja na mafaili manne: ya kawaida, mlazo, nzito, na nzito-mlazo. Sakinisha yote.

3. Jaribu ŋ, herufi ya Kiganda yenye sauti ya ng’. Hapa ndipo kadi nyingi za Kiganda huharibika. Andika *eŋŋoma*, kisha Ŋ kubwa. Fonti isipokuwa nayo, programu huazima herufi kwingine, na katikati ya neno lililolala unaona ŋ mbili nyembamba zimesimama wima. Fonti ya Charis SIL ni ya bure na inayo katika mitindo yote minne. Kwa Kiswahili, angalia alama ya *ng’ombe*: iwe imepinda, isiwe kijiti kilichonyooka.

4. Rekebisha nafasi. *f* hugonga mabano au alama ya kuuliza inayofuata. Sogeza kidogo kwa mkono.

5. Chapa nakala moja kwanza. Wino hutanuka kwenye karatasi, tundu la *e* likaziba. Maandishi meupe juu ya rangi nzito ni hatari zaidi, maana mistari myembamba humezwa, ongeza ukubwa.

Kuna mahali pamoja ambapo mtindo huu hauna mbadala: kichwa kizito chenye jina la kisayansi ndani yake. Ukitengeneza bango la ndege wetu wa taifa, andika Korongo taji, *Balearica regulorum*. Jina la kisayansi lilale, na uzito ubaki uleule.