Kabla hujaipeleka barua halmashauri, nisikilize mimi karani wa masijala

Nimekaa masijala, chumba cha ofisi kinachopokea barua na kutunza majalada, miaka 26, kabla sijastaafu na kurudi Tukuyu kwenye migomba yangu. Jina la halmashauri yenyewe silitaji. Majirani hawajakubali kwamba nimestaafu. Kila wiki kuna anayepiga hodi na bahasha mkononi: "Mama, hebu nisomee hii, imekaa sawa?" Mara nyingi haijakaa sawa, na Kiswahili chake hakina kosa. Kosa liko kwenye anwani.

Juzi kaja kijana wa kule Mwakaleli. Kalavati la kijijini kwao limezolewa na mvua, naye kamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri ya Rungwe. Nikamwuliza, barabara hiyo ni ya nani? "Si ya serikali, mama?" Haya, keti.

Serikali haina mlango mmoja. Lami inayotoka Uyole, ikashuka Tukuyu mpaka mpakani Kasumulu, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Njia za vijijini na za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na meneja wake wa wilaya si mtumishi wa Mkurugenzi. Maji ya kijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Zahanati, shule, soko, stendi, hayo ndiyo ya Mkurugenzi. Hata hapo kuna vipengele: mwalimu yuko shuleni chini ya halmashauri, lakini nidhamu yake ina chombo chake, Tume ya Utumishi wa Walimu. Kwa hiyo usishike kalamu mpaka ujue mwenye mali.

Kijana wangu alikosea mara mbili. Mwakaleli haiko hata chini ya Halmashauri ya Rungwe, iko Busokelo. Wilaya ni moja, Mkuu wa Wilaya ni mmoja, lakini halmashauri ni mbili na wakurugenzi ni wawili. Hili linawachanganya hata wenyeji.

Jingine la kujua ni nani kawekwa na kura na nani kawekwa na barua ya uteuzi au ajira. Mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na diwani ni wa kura. Mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata wanalipwa mshahara na bosi wao ni Mkurugenzi. Afisa tarafa humkuti kwenye mstari huo, yeye ni wa upande wa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wote huteuliwa na Rais, na watu huwaona kama kitu kimoja. Wa kwanza anaiwakilisha serikali kuu wilayani, anaangalia usalama na kusimamia mambo yaende. Wa pili ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, mwenye kusaini malipo, na ndiye katibu wa Baraza la Madiwani. Ukitaka madawati ya shule, Mkuu wa Wilaya anaweza kupiga simu kali, lakini fungu la fedha liko kwa mwenzake.

Sasa tuingie masijala, maana humo ndimo barua zinapofia. Barua ikiingia tunaigonga muhuri wa tarehe, tunaiandika kwenye rejista, tunaipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada (faili), na kuiweka kwenye jalada la jambo lake. Jalada ndilo linalokwenda kwa Mkurugenzi, naye huandika maelekezo: mkuu wa idara fulani, shughulikia. Likitoka hapo linahamia meza nyingine. Siku hizi ofisi nyingi zinaskani na kupitisha kwenye kompyuta, lakini safari ni ileile.

Nikiri langu. Kuna mzee aliandika kichwa kimoja tu: "YAH: MALALAMIKO". Nikaiweka jalada la malalamiko ya jumla, jalada nene kama godoro. Ilikuwa ya mpaka wa shamba la zahanati, ilipaswa kwenda ardhi. Imekaa miezi minne. Mzee alikuwa anakuja kila Jumatatu na koti lake la mvua, anauliza "barua yangu", nami namjibu inashughulikiwa. Haukuwa uongo, lakini hata ukweli haukuwamo. Kwa hiyo kichwa cha barua kitaje kitu, mahali na kijiji: "YAH: MPAKA WA ENEO LA ZAHANATI, KIJIJI CHA FULANI". Karani mwenye njaa saa saba mchana atajua pa kuiweka bila kusoma ukurasa wa pili.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, urudi nayo. Ipitishe kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, na majina ya vyeo vyao yaandikwe juu, "kupitia kwa". Baada ya wiki mbili usiombe kumwona Mkurugenzi. Nenda masijala, taja tarehe ya muhuri, uombe kumbukumbu namba, kisha uliza: "Jalada liko kwa nani?" Swali hilo linamwamsha karani, maana wasioijua ofisi hawaliulizi.

Likikwama kabisa, mshike diwani kabla ya baraza, linalokaa kila robo mwaka, wala hujakatazwa kwenda kusikiliza. Kijijini, mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Simama uulize. Vitabu vya halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hoja zake huifikia kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Nimewaona wakubwa wakitafuta risiti za miaka miwili nyuma usiku wa manane kwa sababu yake. Ukidaiwa hela ili jalada lisogee, hapo hapana diwani tena, ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Kijana wa Mwakaleli aliandika upya hapahapa barazani kwangu, safari hii kwa meneja wa TARURA, akitaja kijiji na mto. Jana kapita kunionyesha nakala yenye muhuri. Kaambiwa asubiri bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Namba ya kumbukumbu kaiandika kwenye kikaratasi, kakisokomeza ndani ya kava la simu.