Nyaya za mpira kwenye nyumba ya zamani: ziachwe au zing'olewe?

Zing'olewe. Kinachobaki kujadiliwa ni haraka kiasi gani, na mwenye nyumba afanye nini mpaka hela ya wayaringi mpya ipatikane. Nyumba iliyotiwa umeme kabla ya miaka ya 1960, iwe Dodoma mjini, Mpwapwa au Kongwa, na haijawahi kubadilishiwa nyaya, inawezekana sana bado ina nyaya zenye ganda la mpira ndani ya kuta.

Nyaya hizo hutambulika kirahisi. Juu huwa na kitambaa kilichosokotwa, chekundu au cheusi kilichofifia, na ndani yake mpira mkavu usiong'aa. Ncha ya waya huwa na rangi ya fedha, na mafundi wengi hudhani ni alumini. Ikwangue kwa kisu: ikitokea nyekundu chini, ni shaba iliyopakwa bati. Bati liliwekwa kwa sababu salfa iliyomo kwenye mpira huila shaba.

Mpira huzeeka kwa joto na hewa. Hukauka, hugeuka mgumu kama ukoko wa ugali, kisha hupasuka. Palipoharibika zaidi ni juu ya holda za taa zilizotumia balbu za wati 60 au 100 kwa miaka mingi, ndani ya sanduku la fyuzi, na darini chini ya mabati. Katikati ya ukuta, ndani ya paipu, waya uleule unaweza kuonekana mzima kabisa. Ndiyo maana kufungua swichi moja na kusema "mbona ziko poa" si ukaguzi.

Kabla ya kukagua, zima mein swichi, ondoa fyuzi, kisha hakiki kwa tesita kwamba umeme haupo. Tesita yenyewe ijaribiwe kwanza mahali penye umeme, na ijaribiwe tena baada ya kupima. Usiamini swichi ya ukutani peke yake, kwa kuwa kwenye wayaringi za zamani swichi wakati mwingine inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) na kuacha laivu (waya unaoleta umeme) kwenye holda. Sili za mita ya LUKU usiziguse. Hizo ni za TANESCO.

Sasa fungua holda moja ya kila chumba, swichi mbili tatu, na sanduku la fyuzi. Tazama bila kuvuta. Ukitaka kujaribu kukunja, kunja kipande cha mwisho ambacho una uhakika utakikata na bado waya utabaki na urefu wa kutosha. Ganda likimeguka au kudondoka unga, mkondo mzima, yaani nyaya zote za fyuzi hiyo, umeshindwa. Kukunja waya mfupi usioweza kukatwa ni kujitengenezea shoti kwa mkono wako, na tepu haitakuokoa: ukifunga hapa, mpira unapasuka sentimita mbili mbele.

Baada ya macho, mega, kifaa kinachopima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Chomoa balbu zote na vifaa vyote, acha swichi za ukutani ziwe zimewashwa (mein ibaki imezimwa), kisha pima kwa volti 500: kwanza laivu na nyutro zikiwa zimeunganishwa pamoja dhidi ya ethi (waya wa kwenda ardhini), halafu laivu dhidi ya nyutro. Chini ya megaomu 1, usirudishe umeme kwenye mkondo huo.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Dodoma huwaponza wengi. Ukipima Septemba, ganda lililopasuka lina hewa kavu kwenye ufa, na hewa kavu haipitishi umeme, kwa hiyo mega itasoma vizuri. Mvua zikianza Desemba, unyevu na vumbi la darini vinajaza ufa uleule na kipimo kinaporomoka. Kipimo kibaya cha kiangazi ni hukumu. Kipimo kizuri cha kiangazi hakithibitishi chochote. Kipime tena wakati wa mvua.

Angalia pia sanduku lenyewe. La zamani mara nyingi lina fyuzi mbili kwa kila mkondo, moja ya laivu na nyingine ya nyutro. Ya nyutro ikiungua, taa zinazimika lakini waya bado una umeme wa volti 230. Na waya wa fyuzi ya taa, ampea 5, uwe wa kipenyo cha milimita 0.2 tu. Mara nyingi unakuta nene zaidi, au msumari.

Kama lazima ungoje, weka balbu za LED za wati 9 ili holda zipoe. Pasi, hita na jiko la umeme visichomekwe kwenye mikondo hiyo kabisa. Funga swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampea 30, mwanzoni mwa nyumba. Ikijikata kila mara, nyaya zinavuja, usiiruke kwa kuunganisha waya pembeni yake. Lakini haioni shoti kati ya laivu na nyutro, kwa hiyo hatari ya moto iko palepale.

Siku ya kubadilisha, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA na uombe kuiona. Taa zipate waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Pima kipenyo cha shaba kwa venia (kifaa cha kupimia unene) kabla ya kulipa: 1.5 ya uzi mmoja ni milimita 1.38, na 2.5 ni 1.78. Ikipungua sana, rudisha dukani. Ikwangue pia, ikiwa nyeupe ndani, si shaba. Waya wa zamani utumike kuvutia mpya pale tu unapoteleza kirahisi, la sivyo utakatika ndani ya paipu, tumia springi ya kuvutia waya. Paipu la chuma lisitegemewe tena kuwa ethi, kwani viungio vyake hushika kutu. Vuta waya wa ethi wa peke yake hadi kila soketi, swichi na holda.

Fimbo ya ethi nayo ipimwe mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, udongo ukiwa mkavu kupita wakati wowote. Ikizidi omu 200, ongeza fimbo ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe.