Kutesti gari mpya ya rali bila kuvunja shingo

Kila mbio zikikaribia ni yale yale, vijana wa Mombasa wanamaliza kuunga gari saa sita usiku pale Changamwe, rangi haijakauka vizuri, alfajiri washaiteremsha njia ya vumbi huko Kaloleni "kuisikia tu kidogo". Hio kuisikia kidogo ndio inaua watu. Siku ya rali barabara imefungwa, ambulensi ipo, marshali wako kila kona, siku ya testi uko wewe na fundi wako na mbuzi wa wenyewe. Craig Breen alikuwa draiva wa Hyundai kwenye mbio za dunia, sio mtoto wa jana, na alifariki tarehe 13 Aprili 2023 kule Kroatia akiwa kwenye testi, rali yenyewe ilikuwa haijaanza. Gari ilitoka njiani ikagonga ua, nguzo ya mbao ikaingia dirishani upande wake. Navigeta wake, yule anayemsomea draiva njia kiti cha pili, hakuumia.

Kwa hivyo anza na njia kabla hujagusa gari. Chagua kipande kifupi, kilomita tatu au nne zatosha kabisa, ukipite kwa miguu ama kwa boda polepole na kazi yako ni moja, kutafuta kitu kinachoweza kuingia ndani ya gari. Huku kwetu watu wanazungushia mashamba boriti, na boriti ni mbao ngumu wallahi, halafu kuna mivinje imepandwa mstari mmoja mpaka barabarani, kuna nguzo za stima, kuna mawe ya matumbawe yamechomoza kama meno. Mkonge utakuchoma tu, ukiteleza ukaingia shamba la mkonge shukuru Mungu. Kona yenye nguzo kwa nje, hio utaipita polepole siku nzima, hata gari iwe tamu vipi, na kama huwezi kujizuia tafuta njia nyingine.

Ruhusa nayo. Ongea na mwenye shamba, halafu mzee wa mtaa, na uulize shule inatoka saa ngapi. Kila kichochoro kinachoingia njia yako weka mtu, mimi hutumia watu wa boda, nawalipa vizuri maana wanajua kila njia ya ng'ombe, na gari haitoki mpaka wote wamejibu. Jaribu simu ukiwa pale pale kwenye kona ya mwisho, sio mwanzoni, kuna mabonde hayashiki netwaki kabisa. Gari ya kubebea mgonjwa iwe na mafuta, dereva amekaa ndani, na mjue mnaenda hospitali gani. Ukiwa upande wa Vipingo usikimbilie kusema Mombasa, foleni ya daraja la Nyali jioni unaijua mwenyewe.

Sasa gari. Mikanda na viti vina lebo ya FIA, wale wasimamizi wa mbio za magari duniani, yenye tarehe, isome. Mkanda wa mtumba uliotoka kwenye gari iliyopinduka usiununue hata uwe bei ya maharagwe, manake ukishavutika mara moja umekwisha, na helmeti iliyogonga ni hivyo hivyo. Ukifunga, anza na wa kiunoni, uushushe mpaka ukae juu ya mifupa ya nyonga sio tumboni, uvute mpaka ulalamike, ndio uje mabegani na ile HANS, kifaa cha kuvaa mabegani kinachoshika helmeti shingo isivunjike. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa chuma na bolti, nimeona mtu ameufunga kwa kamba ya plastiki, yani ukipinduka ule mtungi ndio utakuua kabla ya moto. Swichi ya kuzima stima yote ifikiwe ndani na nje, na ujaribu kuizima injini ikiwa inanguruma. Rolkeji, ile fremu ya vyuma ndani ya gari inayokulinda ukipinduka, ikague kwenye maungio, chumvi ya hewa yetu inakula chuma chini ya rangi na huoni kitu.

Mafuta ya breki fungua kopo jipya siku hio hio. Yanavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Mombasa ni maji matupu, kopo lililokaa wazi wiki mbili gereji ukikanyaga breki za moto pedali inazama.

Mara ya kwanza nenda mwendo wa matatu inayotafuta abiria, redio zima, sikiliza. Rudi, zima, kaza nati zote za magurudumu tena. Nasema hivi kwa sababu mimi nilishapitwa na tairi langu mwenyewe. Rimu zilikuwa mpya zimepakwa rangi, ile rangi ikasagika chini ya nati, nati zikalegea, na sisi tuko kwenye mteremko huku Mazeras naona tairi inatupita kushoto, navigeta ananiuliza ile ya nani. Tuliburuta tumbo tukasimama kwenye mihogo. Dakika tano za spana tu nilizikwepa.

Baada ya hapo ongeza mwendo kidogo kidogo, na ubadilishe kitu kimoja kwa kila safari. Ukibadilisha shokabu na presha ya tairi pamoja, gari ikianza kurusha mkia hutajua umlaumu nani. Andika.

Na jua likianza kulala mbele ya kioo, vumbi limening'inia, kila mtu amechoka, fundi atasema "basi moja ya mwisho". Watu wa boda washaanza kuondoka kwenye vichochoro vyao saa hio, nenda ukapakie gari kwenye trela.