Kabla hujanunua hisa za kampuni ndogo ya vifaa vya mawasiliano, uliza boksi liko wapi

Mpwa wangu alinikuta dukani Kariakoo Jumapili mchana, mlango nimeushusha nusu, nahesabu rauta zilizobaki. Shikamoo yenyewe aliitoa huku ameshaninyooshea simu.

"Mjomba, hii kampuni imepata tenda ya dola milioni 20. Ijumaa hisa imepanda asilimia 40 kwa siku moja, na bado iko dola 2 tu. Tuingie?"

Ni kampuni ndogo, iko soko la Nasdaq kule Marekani, inatengeneza redio za maikrowevu. Yale madishi ya duara unayoyaona juu ya minara, yanayorushiana mawasiliano mnara kwa mnara pale ambapo faiba haijafika. Jina lake naliacha, na tarakimu nimezilainisha kidogo ili hesabu isitusumbue. Nataka nikupitishe njia tuliyopita mimi na yeye jioni ile, maana kabla ya duka hili nilipanda minara miaka tisa, na vifaa hivi nilivibeba begani kabla sijajua kusoma mizania.

Kwanza tuelewane. Soko letu la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni inayotengeneza vifaa hivi. Wengi wetu hisa za mawasiliano tulizijulia Vodacom Tanzania mwaka 2017, zilipouzwa Sh 850 moja. Mtu aliyezoea ile akiona kampuni ya vifaa anadhani ni ndugu wa baba mmoja. Wapi! Mtandao wa simu unauza bando kila dakika. Saa nane usiku yupo mtu Temeke anajiunga. Muuza redio anangoja mtandao upange bajeti, na mwaka ambao mtandao umeamua kubana matumizi, bando zinauzwa kama kawaida ila yeye analala njaa. Kwa hiyo mauzo ya kampuni hizi yanapanda na kushuka kama maji ya Msimbazi, na mwaka mmoja mzuri haukuambii kitu.

Halafu ukubwa. Ceragon, kampuni ya Israeli inayofahamika sana kwenye maikrowevu, mwaka 2023 iliuza dola milioni 347. Mwaka huohuo Ericsson iliuza kronor za Sweden bilioni 263. Mdogo akikutana na mkubwa kwenye tenda, mkubwa anaweza kushusha bei mwaka mzima asitetereke. Mdogo hawezi.

Nilimwambia mpwa wangu afungue lile tangazo lenyewe, aachane na picha ya mtu aliyelituma kwenye kundi la WhatsApp. Akasoma kwa sauti. Kumbe palikuwa na neno "hadi": hadi dola milioni 20, kwa miaka mitatu. "Hadi" maana yake mteja akinunua za milioni 8 akaacha, hajavunja mkataba.

Tukachukua kalamu. Hata wakinunua zote, ni chini ya milioni 7 kwa mwaka, na kampuni inauza kama milioni 115 kwa mwaka. Asilimia 6 hivi. Sasa tazama upande wa bei. Hisa ziko milioni 40, kila moja dola 2, kwa hiyo soko linaithamini kampuni nzima dola milioni 80. Kabla ya kupanda ilikuwa kama milioni 57. Yaani kwa siku moja watu wameongeza milioni 23 kwa sababu ya tenda ya milioni 20! Na zile 20 si faida. Kampuni za redio kama Ceragon na Aviat, faida ghafi yao, yaani kinachobaki ukishatoa gharama ya kutengeneza kifaa, miaka ya karibuni imezunguka theluthi moja ya mauzo. Ukichukua theluthi ya 20, unabaki na chini ya milioni 7 kwa miaka mitatu, kabla hujalipa mishahara ya wahandisi, utafiti, riba na kodi.

Mpwa akanyamaza kidogo. "Lakini mjomba, mauzo yao yanapanda."

Hapo nikamsimulia habari ya ghala.

Mwaka mmoja nilitumwa ghala moja Barabara ya Nyerere kuchukua redio za kufunga saiti ya Kigamboni. Mtunza ghala akaniongoza hadi nyuma kabisa. Kulikuwa na maboksi yamepangwa hadi darini, vumbi juu yake unaweza kuandika jina lako. Nikageuza moja nisome lebo: namba ya kifaa, masafa, na tarehe ya kutengenezwa, ambayo ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi. Gundi ya kiwandani haijaguswa. Nikamuuliza, akacheka. "Hizo zilikuja na kontena la mwaka juzi. Mradi ukasimama. Wewe chukua zako nne."

Wakati ule sikulitilia maanani. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kununua hisa, nilinunua za kampuni moja ya vifaa baada ya kuona mauzo yamepanda robo mwaka tatu mfululizo. Robo mwaka ya nne mauzo yakaanguka, hisa ikapoteza zaidi ya nusu, nami nikapoteza pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya paa la nyumba. Nikarudi kusoma ripoti zao, nikaona kilichotokea: wasambazaji wao walikuwa wamejaziwa mzigo mpaka ghala zikafurika. Nikayakumbuka yale maboksi ya Barabara ya Nyerere. Kuna mtu mahali fulani alishayaandika yale maboksi kuwa ni mauzo, akapigiwa makofi, na mimi nilikuwa nayafuta vumbi.

Tangu hapo nina swali moja tu, na mengine yote ni matawi yake: boksi liko wapi, na pesa yake iko wapi? Boksi linatoka kiwandani, linakaa baharini, linafika bandarini, linasubiri forodha, linalala ghalani, linapandishwa mnarani, linawashwa. Kisha mhandisi wa mtandao anakuja kukagua, na akikuta mkanda wa kuzuia maji haujafungwa vizuri anakataa kusaini. Akisaini, ndipo siku za kulipwa zinaanza kuhesabiwa, 60 au 90, na wengine wanavuka hapo. Safari hii yote unaweza kuiona kwenye ripoti bila kutoka Kariakoo.

Ripoti zenyewe ni bure. Kampuni za Marekani zinaziweka kwenye tovuti ya msimamizi wa masoko ya mitaji wa huko, SEC, sehemu inayoitwa EDGAR. Ya mwaka inaitwa 10-K, ya robo mwaka 10-Q, na kampuni za nje ya Marekani nyingi hutumia 20-F. Kurasa za mbele zimejaa maneno matamu kuhusu 5G. Mimi naanzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu.

Tafuta wadaiwa, yaani pesa ambazo wateja hawajalipa. Kampuni ya mpwa wangu ilikuwa na wadaiwa wa dola milioni 45, na mauzo ya robo ile yalikuwa milioni 30. Gawa 45 kwa 30, zidisha kwa siku 90: unapata siku 135. Kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa robo kama ile ya mwaka uliopita. Wadaiwa milioni 28, mauzo milioni 28, siku 90. Sasa soma taratibu. Mauzo yameongezeka milioni 2, madeni yameongezeka milioni 17. Mimi ni muuza duka, hiyo naielewa bila shahada: huyu anauza kwa kukopesha.

Mstari unaofuata ni mzigo ulioko ghalani mwao wenyewe. Ulitoka milioni 12 ukawa 21. Mwaka 2021 na 2022, chipu zilipoadimika duniani, kulundika mzigo kulikuwa na sababu. Nje ya hapo nataka maelezo, na kwenye redio maelezo ni muhimu zaidi kuliko kwenye sukari, kwa sababu redio ya kizazi kilichopita inashuka bei ikiwa imelala.

Halafu nenda taarifa ya mtiririko wa fedha, utafute fedha zilizotokana na shughuli za kampuni. Huku juu wameandika faida ya milioni 1. Huku chini shughuli zimekula milioni 5 kwa robo moja. Benki wana milioni 12. Mpwa wangu alipiga hesabu mwenyewe: robo mbili na kitu, pesa imekwisha.

"Ikiisha?"

Watauza hisa mpya. Tuseme wameongeza milioni 10 juu ya zile 40. Sinia lilelile la pilau, walaji 40 wamekuwa 50. Kweli wageni wanakuja na wali wao kidogo, lakini kampuni yenye njaa huuza hisa mpya kwa bei ya chini, kwa hiyo wali wa mgeni huwa haujai hata sahani. Fungua ripoti za miaka mitano, andika idadi ya hisa kila mwaka. Ikiwa inapanda tu, ujue wanaoilisha kampuni ni wenye hisa. Na hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara mfululizo, Nasdaq huiandikia barua ya onyo. Hapo mara nyingi utasikia wanaunganisha hisa, 10 kuwa 1, ili bei ionekane nzuri.

Wateja ni akina nani? Uhasibu wa Marekani unailazimisha kampuni iseme kama mteja mmoja anachukua asilimia 10 au zaidi ya mauzo. Ya kwetu ilikuwa na wawili, kwa pamoja asilimia 46. Mimi niliyeona Zantel ikiingizwa Tigo, kisha Tigo ikageuka Yas mwaka 2024, siwezi kulala na wateja wawili. Mitandao ikiungana, minara miwili iliyokuwa inatazamana inabaki mmoja, na oda ya redio inapungua hivyohivyo. Angalia pia wako nchi gani, wanapata pesa ya aina gani. Naira ya Nigeria ilipoachiwa Juni 2023 ilianguka, na MTN Nigeria ikafunga mwaka ule kwa hasara. Aliyekuwa akiwauzia mitandao ya huko vifaa kwa dola alikuwa anamdai mtu ambaye dola za kulipia deni zimempandia bei ghafla.

Kuna ugonjwa mwingine, wa kumkopesha mteja pesa anunue mzigo wako mwenyewe. Motorola na Nokia, wakubwa wale, walimkopesha Telsim, mtandao wa simu wa Uturuki, zaidi ya dola bilioni 2, wakaishia mahakamani mwaka 2002. Mdogo akijaribu mchezo huo hafiki mahakamani, anafilisika njiani. Na kufilisika kwenye biashara hii si jambo la ajabu. Nortel ya Kanada, iliyokuwa jabali, iliomba ulinzi wa mahakama Januari 2009. Airspan na Casa Systems ziliomba mwaka 2024. DZS ilitangaza 2023 kwamba hesabu zake za mauzo zinahitaji kurekebishwa, na 2025 ikafunga kabisa. Kwa hiyo ukiona mkaguzi wa hesabu anabadilishwa ghafla, au ripoti inachelewa, usingoje maelezo.

Nisije nikaonekana nachukia kampuni ndogo. Ipo ninayoweza kuipenda, nayo naitambua kwa kitu ambacho fundi anakijua. Redio nyingi siku hizi zinakuja na uwezo mkubwa uliofungwa. Mtandao unalipia kiasi kidogo, halafu wateja wakiongezeka unanunua leseni, fundi anaingiza namba kwenye kompyuta, na dishi lilelile linapitisha mara mbili. Hakuna kontena, hakuna forodha, hakuna wa kupanda. Leseni ya namna hiyo karibu yote ni faida. Na mtandao ukishakuwa na mamia ya redio za aina moja, pamoja na vipuri vyake, programu ya kuzisimamia na mafundi waliozizoea, kuhama ni shida kubwa. Nimeona watu wakilalamikia chapa fulani miaka mitano na bado wanaiagiza. Basi kwenye ripoti natafuta sehemu ya mauzo inayotokana na leseni, programu na matengenezo, kama inakua mwaka hadi mwaka. Kwa kampuni ya mpwa wangu ilikuwa imesimama palepale.

Mambo ya njia ya kununulia ni mafupi: hakikisha dalali unayemtumia anasimamiwa na mamlaka inayojulikana, na kabla hujatuma dola nje muulize mtu wa benki yako kanuni za Benki Kuu zinasemaje. Programu ya simu iliyoletwa na rafiki wa rafiki, achana nayo.

Magharibi iliadhiniwa tukiwa bado na makaratasi. Mpwa wangu hakununua. Aliweka kengele kwenye simu kwa siku ya ripoti ya robo ijayo, saa sita usiku, maana hutoka soko la Marekani likishafungwa. Anataka kuona kama zile siku 135 zimeshuka. Kisha akavua saa akanisaidia kumalizia kuhesabu.

"Mjomba, daftari linasema rauta 14. Hapa ziko 12."

"Mbili nilimkopesha jamaa wa Ilala."

"Lini?"

"Machi."

Akafunua ukurasa wa nyuma, akafuata mistari kwa kidole. "Na umeshaziandika kwenye mauzo," akasema.