Jinsi ya kupima uhalali wa ruwaza ya usanifu

Ruwaza ya usanifu ni suluhisho lililoandikwa la tatizo linalojirudia katika kuunda programu. Ikifanya kazi kwenye mfumo wako, umethibitisha mfumo tu. Ruwaza hudai zaidi: kwamba mtu mwingine, mahali pengine, mwenye tatizo lilelile, atapata nafuu ileile. Dai hilo ndilo la kupima. Mfano wetu ni malipo ya simu: simu hulipatia kila ombi namba yake ya kipekee, na seva haitozi namba moja mara mbili.

1. Iandike mpaka iweze kupingwa. Mazingira, tatizo, mivutano, suluhisho, matokeo. Wengi huruka mivutano, yaani mambo yanayovutana na kulifanya tatizo liwe gumu, kumbe ndiyo roho yake: mtandao unakatika, mteja amekosa subira anabonyeza tena, na leja, yaani daftari la malipo, haivumilii kosa. Taja pia pale isipofaa.

2. Tafuta matumizi matatu. Ni kanuni ya zamani ya waandishi wa ruwaza. Mifumo iwe haitegemeani; programu tatu za timu moja nazihesabu moja.

3. Ivunje makusudi. Hapa usiwe na haraka. Tuma ombi la shilingi 5,000. Seva ikishaandika kwenye leja, kata mtandao kabla jibu halijafika kwenye simu. Urudishe, simu itume tena. Leja ibaki na mstari mmoja, na simu ipate jibu la ombi la kwanza.

Kisha tuma maombi mawili ya namba moja kwa mpigo. Programu inayosoma kwanza kama namba ipo ndipo iandike inaweza kuyapitisha yote mawili, hifadhidata isipokuwa na kizuizi cha upekee, yaani kanuni ya kukataa namba iliyokwisha kuandikwa.

Halafu ondoa ruwaza, urudie jaribio. Malipo yasipojirudia, kuna kitu kingine kinachokuokoa, na ruwaza unaisifu bure.

4. Ishindanishe na njia rahisi. Jaribio la mtafiti wa uhandisi wa programu Lutz Prechelt na wenzake la mwaka 2001 lilikuta kwamba mara nyingine suluhisho rahisi humtosha anayetunza programu. Kwetu mshindani ni kuzima kitufe kikishabonyezwa. Huko huzuia kidole kubonyeza tena. Simu ikituma ombi upya yenyewe, hakusaidii.

5. Mpe mgeni. Atafutwe mwanaprogramu ambaye hakuhusika, apewe maandishi matupu. Kila anachouliza ni pengo: namba itunzwe siku ngapi? Akiamua namba itolewe na seva, ombi la pili litapata namba mpya, na kinga imekwisha. Kosa hilo ni la maandishi yako. Yarekebishe, umpe mwingine, maana wa kwanza keshajua jibu.