Kabale hadi Kisoro kwa baiskeli: jiandaeni kwa mteremko

Barabara ya Kabale–Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, ni ya lami, karibu kilomita 80, na sehemu tambarare ni chache mno. Inapanda kutoka Kabale, inashuka hadi Muko kwenye ncha ya Ziwa Bunyonyi, inapanda tena katika msitu wa Echuya kupita mita 2,300, kisha pale Kanaba inafunguka na volkano za Muhavura na Sabinyo zinajitokeza mbele yenu. Wengi huhofia kupanda. Kupanda kunachosha tu, kushuka ndiko kunakovunja watu mifupa.

Nendeni bila kurudi siku hiyohiyo, mlale Kisoro. Jua huku hutoka na kuzama karibu na saa moja, na giza likianza haliwasubiri. Chagueni Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari.

Anza na gia. Ukiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 8 kwa saa, na mwinuko mkali unapandika umekaa. Ukibaki na 39 kwa 25, mizunguko hiyohiyo inadai karibu kilomita 12 kwa saa. Miguu itashindwa, utakanyaga polepole kwa nguvu nyingi, na magoti ndiyo yatakayolipa. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukishindwa kumaliza sentensi moja, punguza.

Upepo: kwa tairi la milimita 28 na mtu wa kilo 75, jaza kama pauni 75 nyuma na 70 mbele. Kagua raba za breki usiku wa kuamkia safari. Mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha. Chokoa pia vipande vya chuma na mchanga vilivyonasa humo, maana hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu.

Kila mtu abebe tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Mafundi wa njiani ni hodari, lakini tyubu walizonazo ni za baiskeli kubwa za mizigo, haziingii kwenye tairi jembamba. Kundi zima libebe kifaa kimoja cha kukatia cheni na viungo viwili vya ziada, na mwenye ufundi akae nyuma kabisa, si mbele. Tairi likichanika ubavuni, kunja noti ya shilingi 1,000 uiweke kati ya tairi na tyubu. Hakuna kiraka cha bei nafuu kama hicho!

Chakula hakisubiri njaa. Kuleni rolex (mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati) kabla ya kuondoka, kisha kila nusu saa ndizi moja au kipande cha chapati, na maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Anayekula akiwa tayari anatetemeka amechelewa, na kilima kilichobaki atakisukuma kwa miguu.

Sasa mteremko. Pale juu asishuke mtu mpaka wote wafike, na kila mmoja avae koti kwanza: jasho likikutana na baridi ya Echuya vidole vinakufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Shukeni mmoja mmoja, mkiachiana mita 30 au zaidi, upande wa kushoto.

Usishikilie breki mfululizo. Rimu hupata joto, hewa ndani ya tyubu hutanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kasi. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, bana tena, zote mbili kwa pamoja. Mwendo upunguzwe kabla ya kona. Ukibana ukiwa umeinama ndani ya kona, gurudumu huteleza. Lami ikilowa, raba hufuta maji kwanza ndipo zishike, kwa hiyo anza kubana mapema zaidi.

Masikio pia yanadanganya. Baadhi ya boda hushuka injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, wala hutawasikia. Lori linalopanda nalo huhitaji barabara yote kwenye kona kali, basi kaeni mbali na mstari wa katikati. Mkikuta ukungu msituni, washeni taa nyekundu za nyuma. Ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona kona inayofuata, teremkeni msukume.

Baada ya mteremko mkubwa shikeni rimu kwa tahadhari. Ikiunguza kidole, pumzikeni dakika kumi kabla ya kuendelea kuelekea mjini.